Hakuna Chanya Kidogo

Juzi Neema, binti wa jirani yangu, alinikuta uani hapa Miyuji ninamenya karanga. Yuko kwenye mafunzo kwa vitendo katika maabara moja ya mjini. Akaniamkia, akavuta kigoda, akaanza kunisaidia, na katikati ya mazungumzo akasema kama mtu anayetaja bei ya nyanya: "Bibi, jana tumepima madereva mkojo. Mmoja katoka chanya kidogo ya bangi."

Nikamwambia arudie. Akarudia.

"Chanya kidogo ndiyo nini?"

"Mstari umetokea, bibi, ila umefifia. Bosi akasema tuandike chanya kidogo."

Sikumgombeza. Ningemgombeza yeye ningekuwa najigombeza mwenyewe. Lakini karanga hazikumenyeka tena siku hiyo. Nilimweleza nitakayowaeleza ninyi, nikamtuma arudi kazini akaseme, kisha nikaingia ndani kutafuta daftari. Mimi ni mtu wa daftari tangu kidato cha pili. Nina aibu ya kuzaliwa nayo. Maneno ambayo wenzangu huyasema papo hapo, mimi huyaandika baadaye nikiwa peke yangu. Nimestaafu na cheti cha kidato cha nne na kozi ya usaidizi wa maabara. Shahada sina, jukwaani sijawahi kupanda. Ila mkojo nimeupima. Basi ninyi wenye makoti meupe ambayo bado yana mikunjo ya dukani, nisomeni, hata mkikasirika. Mimi nimewatangulia kukasirika.

Kosa hili limezaliwa humu humu maabara kwetu. Jicho la mtu wa maabara hapa Dodoma limelelewa na malaria. Miaka nenda rudi umeshika kile kipimo cha haraka: mstari mmoja, nenda nyumbani, mistari miwili, kachukue dawa. Cha mimba nacho ni vivyo hivyo. Jicho linazoea kwamba mstari wa pili ni habari. Kisha siku moja unaletewa kadi ya kupima dawa za kulevya, na yenyewe inasema kinyume. Mstari wa juu unakuambia kadi ni nzima. Wa chini yake ukitokea, hesabu kwamba dawa haimo. Usipotokea kabisa, hapo ndipo uanze kushuku. Kushuku tu, si kuhukumu. Sampuli iende kwenye maabara kubwa yenye mitambo, ikathibitishwe.

Aliyenielewesha ni Mzee Ndahani, Mgogo wa Bahi, fundi sanifu aliyenipokea kazini katika hospitali moja ya binafsi maeneo ya Kikuyu, hapa hapa Dodoma. Sauti yake ilikuwa kama redio yenye betri zinazokwisha; umsogelee, la sivyo somo likupite.

"Dorika," aliniambia, "umewahi kwenda sendofu, kumuaga binti anayeolewa?"

"Nimekwenda, mzee."

"Mlangoni unakuta mabinti wa sare wanapokea wageni. Wageni wakija wengi, kila binti anaondoka na mgeni wake kumpeleka kitini. Mlango unabaki mtupu. Wageni wasipokuja?"

"Mabinti wanabaki wamesimama."

"Basi mstari ni wale mabinti. Ukiwaona wamesimama mlangoni, ujue wageni hawakuja."

"Na wakisimama wachache, mzee? Mstari ukiwa hafifu?"

Akaniangalia juu ya miwani. "Si wamesimama? Kama wenzao wamechelewa kusuka nywele, hilo ni lao. Wewe uliulizwa habari za wageni."

Nimesoma vitabu vya watu wenye vyeo, sijaona maelezo yanayoshinda hayo. Kila nikiwaona mabinti wa sare mlangoni ukumbini, mimi huwaza mkojo. Msicheke, ndiyo kazi.

Mzee Ndahani hakuwa mpole kwa wadanganyifu, mtu asifikiri hivyo. Asubuhi moja ya Juni alikuja kijana wa kuomba kazi ya ulinzi, kajikumbatia ndani ya koti kubwa. Alipotoka chooni, kikopo chake kilikuwa kinafuka mvuke. Kile kibandiko cha joto kilicho ubavuni mwa kikopo hakikuonyesha kitu, maana kimetengenezwa kwa joto la mwanadamu, si la chai. Mzee akanusa.

"Kijana, tangawizi hii umeinywa au umeikojoa?"

Kumbe alikuwa amebeba mkojo wa mdogo wake kwenye chupa ndogo ya chai ili usipoe njiani.

"Chupa ya nani?"

"Ya mama."

"Anajua?"

"Hajui, mzee."

"Basi habari ya bangi iache kwanza. Nenda kamnunulie mama yako chupa nyingine, ndipo urudi."

Baada ya siku hiyo nikajifanya mkali. Ukali wa mtu mwenye aibu ni mbaya sana, jihadharini nao. Mwaka uliofuata, Julai, ule upepo wetu unaokata masikio, alikuja mama mmoja aliyeomba kazi ya kupika kambini kwa wajenzi. Akanipa kikopo chake. Nikakiweka kwenye saruji ya dirisha huku nikitafuta rejista, na rejista ikajificha. Nilipokirudia kilikuwa cha baridi. Nikaandika: sampuli si yake.

Yule mama alilia. Akaniuliza, "Sasa dada, mkojo wangu ni wa nani?"

Mzee Ndahani alichukua fomu, akajaza maji ya uvuguvugu kwenye kikopo kingine, akakiweka palepale dirishani, akaniambia niimbe ubeti mmoja wa wimbo wa kanisani, mdogo mdogo, na pambio lake, halafu tena. Nilipomaliza, kibandiko kilikuwa kinaelekea kuzimika. Akachana fomu mbele yangu. "Mfuate kabla hajafika barabarani." Nilimfuata. Nilimwomba radhi kwa sauti ambayo nadhani niliisikia peke yangu. Alirudi, tukapima upya, akapata kazi. Tangu hapo joto la kikopo nalisoma mkononi mwa mwenyewe, kabla sijakigusa.

Zamani hizo kadi hazikuwa nyingi hivi. Sampuli tuliifunga, tukaisindikiza kwa basi kwenye boksi la barafu hadi maabara kubwa, tukasubiri wiki kadhaa. Ilichosha, lakini ujinga ulikuwa na subira. Leo kadi inajibu kwa dakika tano, na kila mwenye macho amekuwa mtaalamu. Kampuni zimejaa mjini, kila moja inataka watu wake wapimwe, na si vibaya. Dereva wa lori la tani thelathini akiwa amelewa ni msiba barabarani. Ninachokataa ni bosi kuja kuisoma kadi yeye.

Mzee Ndahani alipostaafu akaja mkuu wa maabara kijana, mwenye elimu kunizidi na woga kunizidi pia. Ndipo likaja suala la Bakari.

Kampuni moja ya malori, yadi yake iko Zuzu, ilituletea madereva sita, Oktoba, jua likichemsha mabati. Ilikuja na boksi lake la kadi, na meneja akaja nalo mwenyewe. Akaingia nalo hadi ndani ya maabara, na hakuna aliyemwambia atoke. Mimi nilikuwepo. Sikumwambia.

Bakari alikuwa Msandawe wa Chemba, mrefu, mtaratibu, anayezungumza Kiswahili kama mtu anayevuka korongo lenye mawe. Alichelewa chooni, kwa sababu meneja alimweka mlinzi mlangoni asikilize. Wenzake kwenye benchi wakaanza:

"Bakari, kojoa kwa Kiswahili! Hapa vidoko vya ulimi vya Kisandawe hawavielewi!"

Akajibu kutoka ndani, "Nitakojoa hivi hivi. Atakayeshindwa atafute mkalimani."

Benchi zima likacheka, na kicheko kikamsaidia. Nikachovya kadi yake, nikaweka saa. Dakika tano. Mistari yote ikatokea; wa bangi ukatokea hafifu, kama umeandikwa kwa penseli.

Meneja akainama begani kwangu. "Dada, hii line mbona imefifia?"

"Ni mstari, bosi. Ukitokea ni hasi." Maneno hayo niliviambia viatu vyangu.

"Sijakusikia."

"Ni hasi."

"Hasi gani ya kufifia? Huyu kavuta, ila kavuta kidogo."

Nikamtazama mkuu wa maabara. Naye akatazama kalenda ukutani. Kisha akasema, "Dorika, andika hasi. Halafu kwenye maoni andika kwamba mstari umefifia. Ni kweli au si kweli?"

Ilikuwa kweli. Hapo ndipo panaponiuma mpaka leo. Hakuniambia nidanganye. Aliniambia niweke ukweli mahali ambapo msomaji atausoma vibaya, na sote watatu tulijua atausoma vibaya. Nikaandika. Mwandiko wangu ni mzuri, mtanisamehe kujisifu. Ukweli ule uliandikwa vizuri kabisa.

Na sikilizeni hili. Madereva wawili waliofuata mistari yao ilififia vilevile. Lakini meneja alikuwa ametoka nje kuongea na simu, nami nikaandika hasi bila neno jingine. Tofauti ya Bakari na wenzake ilikuwa simu ya meneja. Mtu anaweza kupoteza kazi kwa sababu ya simu isiyo yake.

Siku tatu baadaye Bakari akaja dirishani kwangu. Hakupanga foleni, alisimama pembeni hadi watu wakapungua.

"Dada, shikamoo." Alikuwa mkubwa kwangu kwa umri. Sikuthubutu kuitikia marahaba. "Nataka unisomee ulichoandika."

Nikamsomea. Hasi. Mstari umefifia.

"Hasi ni nini?"

"Maana yake huna bangi."

Kisha akanisimulia. Kila asubuhi kule yadi madereva hukusanyika kupangiwa safari na kupewa funguo. Meneja alisimama mbele ya wote akasema Bakari amekutwa na bangi kidogo. Akamwambia aweke ufunguo chini, si mkononi mwake, chini, kwenye vumbi.

"Kidogo, dada," akasema. "Hata bangi yenyewe nimenyimwa ya kutosha."

Nilitaka kucheka, nikaona macho yake.

"Habari imefika Chemba kabla yangu. Baba kanipigia. Baba yangu hawezi kukata simu bila kunipa habari za mbuzi mmoja mmoja. Juzi hakutaja hata mmoja."

Jioni hiyo nilikwenda kwa Mzee Ndahani nimebeba lile boksi, maana lilibaki kwetu na kadi chache. Zilikuwa kadi za kampuni, sikuomba ruhusa, hilo nakiri. Nilipima mkojo wangu. Hafifu. Mzee naye akaingia chooni na kikopo chake, akatoka, akaketi akisubiri kama mtahiniwa.

"Mimi mzee wa kanisa," akasema. "Kitu pekee kinachonilewesha ni mahubiri marefu."

Dakika tano. Hafifu.

"Boksi lilikaa wapi kabla ya kuletwa?" akauliza.

Nilikuwa nimesikia madereva wakisema: kwenye kontena pale yadi, tangu kiangazi kianze. Kontena la chuma, Zuzu, Oktoba! Na ubavuni limeandikwa lisizidi nyuzi thelathini. Siwezi kuapa kwamba ni joto lililozifanya kadi zile zichoke, mimi si mtambo. Lakini ukiweka maziwa mle, ungepata mtindi kabla ya adhana ya adhuhuri.

"Niandikie barua, mzee," nikasema. "Niipeleke."

"Barua?" Mzee Ndahani hakuwahi kunipandishia sauti, na siku ile pia hakupandisha. "Dorika, kalamu ndiyo iliyomfukuza huyu mtu. Nenda ukaseme."

Nilikwenda asubuhi yake kwa bodaboda, nimemwambia Bakari tukutane getini. Nilidhani nitaketi ofisini na meneja, mlango umefungwa, nimnong'oneze. Alikuwa uwanjani na madereva wake, kama ishirini hivi, funguo mkononi.

"Sema hapo hapo, dada, nina haraka."

Nikasema ninachokitaka. Sauti ikatoka nusu. Dereva mmoja wa nyuma akapaza, "Mama, ongeza sauti, lori hili linaunguruma!"

Lori likazimwa. Sasa wote walikuwa wananisikiliza, na hilo ndilo jambo ninaloliogopa kuliko nyoka. Basi nikafanya kitu ambacho sikuwa nimekipanga. Nikatoa kikopo mkobani, nikauliza choo kiko wapi, nikaenda. Nikarudi nimekishika mbele ya wanaume ishirini, na kibandiko kikionyesha joto, yeyote asije akasema mkojo nimekuja nao. Nikaweka ubao wa kuandikia juu ya boneti, nikaweka kikopo, nikafungua kadi kutoka boksi lile lile.

"Bosi, huu ni mkojo wangu," nikasema. "Tusubiri dakika tano."

"Mama, chai hiyo haina majani!" mmoja akatania.

"Wewe nyamaza," mwenziwe akamkaripia. "Angekuwa mama yako?"

Dakika tano ni ndefu, wanangu. Ndege walipita, upepo ukaleta vumbi, nikafunika kadi kwa kiganja. Saa ikalia. Wakasogea. Mstari wa bangi ulikuwa pale, hafifu, kama umeandikwa kwa penseli.

Meneja akatazama, akacheka. "Kwa hiyo na wewe unavuta?"

Wakacheka nao, si wote.

"Kama huu ni uvutaji, bosi," nikasema, "kadi imebaki moja. Choo nimekiacha wazi."

Hapo hakucheka mtu. Meneja hakwenda. Mstari wake ulivyo, mpaka leo sijui. Nikatoa karatasi ya maelekezo iliyokuwa ndani ya boksi, ile ambayo kila mtu huitupa pamoja na mfuko, nikamsomea kwa Kiswahili changu: mstari wowote, hata uwe hafifu namna gani, usomwe hasi. Nikamwambia karatasi hii ilikaa kwenye kontena lake miezi yote hiyo.

Akaipokea, akaisoma, akaikunja. Jasho lilikuwa limempata, au ni jua. Kisha akageukia madereva kwa ile sauti yake ya kila asubuhi.

"Haya. Bakari amesamehewa. Bakari, njoo chukua gari."

Watu wakapiga makofi. Nilipaswa nami nifurahi. Kazi imerudi, nipande bodaboda niende zangu. Lakini damu ilinipanda kichwani kwa namna ambayo haijawahi kunipanda, na sauti iliyotoka sikuitambua.

"Hajasamehewa!"

Makofi yakakatika.

"Anayesamehewa ni aliyekosa," nikasema. "Huyu hakukosa. Aliyekosa ni mimi niliyeandika, na wewe uliyesoma. Usimsamehe. Mwambie hana kosa."

"Dada, si ndiyo hivyo hivyo? Ufunguo si huu?"

"Sio hivyo hivyo, bosi," Bakari akasema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufungua mdomo tangu tuingie. Mkono wake haukunyooka kuupokea ufunguo. Alitoa simu mfukoni, akabonyeza, akaweka sauti ya nje. Ikaita mara nne.

"Baba, shikamoo. Bosi wangu yupo hapa, ana neno."

Akamsogezea meneja simu mdomoni. Uwanja mzima tukasikia mbuzi wa Chemba wakilia upande wa pili.

"Shikamoo, mzee," meneja akasema.

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Mimi ndiye bosi wa Bakari. Ile habari ya bangi... haikuwa kweli. Mwanao hana kosa."

"Umesemaje?"

"Nasema hana kosa, mzee."

"Paza sauti, bwana. Hapa nimekaa na watu."

Meneja alitutazama, akatazama simu, akavuta pumzi.

"Hana kosa!" akapiga kelele. "Bakari hana kosa!"

"Haya, tumesikia," mzee akasema. Na papo hapo, bila kupumzika: "Bakari, yule mbuzi mweupe amezaa mapacha."

"Nimefurahi, baba. Nitakupigia nikifika Singida."

Akakata simu, akairudisha mfukoni, ndipo akanyoosha mkono kuupokea ufunguo.